Treni Moja, Vituo Vinne: Safari Yangu ya Kwanza Berlin

Jina la Inge Deutschkron nililikuta katika tanzia fupi, Machi 2022. Iliandikwa kwamba amefariki dunia Berlin akiwa na umri wa miaka 99, kwamba alikuwa mwandishi wa habari, na kwamba yeye na mama yake walikuwa miongoni mwa Wayahudi wapatao 1,700 waliookoka kwa kujificha ndani ya jiji hilohilo hadi vita vikaisha. Maneno hayo ya mwisho yalinikaa moyoni. Habari za kambi ya mauaji ya Auschwitz nilizisoma tangu shule. Habari za Anne Frank, binti wa Kiyahudi aliyejificha Amsterdam, nilizijua pia, na mwisho wake. Lakini binti wa miaka ishirini kujificha Berlin, mji wenye ofisi ya Hitler na makao makuu ya Gestapo, polisi wake wa siri, akabaki hai? Nani alimficha? Alilala wapi? Alikula nini?

Basi nilipoalikwa kwenye mkutano wa waandishi Berlin, niliomba nibaki kidogo baada ya mkutano. Nilitaka kuiona kwa macho yangu nyumba alikofanya kazi na kusaidiwa.

Nilifika Januari. Sijawahi kukutana na baridi ya namna ile: inaingia kwenye mikono ya koti, inapanda mabegani, na pumzi yenyewe inauma. Mwenyeji wangu, mama mzaliwa wa Tanga aliyeishi Berlin tangu ujana wake, alikuwa akinisubiri uwanja wa ndege na koti lingine zito mkononi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Vaa hili kwanza, habari za nyumbani utanipa kwenye treni.”

Nilipomweleza ninachokitafuta, alinyamaza kidogo. Alisema amepita mtaa wenye nyumba hiyo mara nyingi akienda sokoni, na hajawahi kuingia ndani. “Tutakwenda wote,” akasema.

Siku mkutano ulipokwisha tulishuka kituo cha Hackescher Markt, katikati ya jiji, tukatembea hadi mtaa wa Rosenthaler, nyumba namba 39. Majengo ya jirani yamekarabatiwa yanang'aa, yamejaa maduka ya nguo na mikahawa. Namba 39 imeachwa na uzee wake. Unaingia kwenye uchochoro, kisha ua mwembamba wenye kuta zilizojaa michoro ya rangi, na sinema ndogo kwa ndani. Mkono wa kushoto kuna ngazi. Ukipanda hadi ghorofa ya kwanza umefika kwenye karakana ya Otto Weidt, mwajiri wa Inge, ambayo leo ni makumbusho. Kiingilio hakuna.

Weidt alizaliwa Rostock mwaka 1883. Alikuwa fundi wa kubandika karatasi za ukutani, lakini macho yalimfifia, akalazimika kujifunza kazi nyingine: kutengeneza mifagio na brashi. Alifungua karakana yake mwenyewe, na kuanzia mwaka 1940 ilikuwa hapa. Aliajiri watu wapatao 30, wengi wao Wayahudi wasioona au viziwi. Kwa kuwa alikuwa na oda za jeshi la Ujerumani, karakana yake ilihesabiwa kuwa muhimu kwa vita. Karatasi hiyo ya oda ndiyo ilikuwa ngao ya wafanyakazi wake. Jeshi lililokuwa likitimiza mipango ya Hitler lilihitaji mifagio, na kwa mifagio hiyo Weidt aliwanunulia watu muda wa kuishi.

Vyumba vimefuatana, kimoja ndani ya kingine, na sakafu ya mbao inalia chini ya miguu. Brashi zipo, na ukutani kuna picha za wafanyakazi waliosimama pamoja na bosi wao. Katika picha hizo yumo msichana Inge.

Alizaliwa mwaka 1922 katika mji mdogo wa Finsterwalde, akakulia Berlin. Baba yake, Martin, alikuwa mwalimu na mwanachama wa chama cha Social Democrats. Wanazi walipotwaa madaraka mwaka 1933 alifukuzwa kazi. Mwaka 1939 alipata njia ya kwenda Uingereza, akatangulia akitumaini mke na binti watamfuata. Vita vikaanza Septemba mwaka huohuo, mipaka ikafungwa, Ella na Inge wakabaki.

Tangu kabla ya vita maisha yao yalikuwa yakipunguzwa kidogo kidogo kwa amri za serikali. Kila mwanamke Myahudi alilazimishwa kuongeza jina la Sara kwenye jina lake, na kila mwanamume jina la Israel. Redio zilichukuliwa. Muda wa kwenda dukani ulikuwa saa moja tu kwa siku, alasiri, wakati rafu zimeshaisha bidhaa. Kuanzia Septemba 1941 ilikuwa lazima kushona nyota ya njano kwenye nguo, upande wa kushoto wa kifua. Inge alipelekwa kufanya kazi ya kulazimishwa katika kiwanda kilichohusika na hariri ya miavuli ya kijeshi. Alipofanikiwa kutoka huko, alifika kwa Weidt. Sheria haikumruhusu Myahudi kufanya kazi ya ofisini. Weidt alimweka ofisini, akipokea simu.

Chumba cha mwisho hakina dirisha. Mlangoni pake palisimamishwa kabati la nguo, na ili kuingia ulilazimika kupita katikati ya makoti. Humo Weidt aliificha familia ya Horn: baba Chaim, mama Machla, na watoto wao Max na Ruth. Mchana walifanya kazi na wenzao. Gestapo walipokuja kukagua, walirudi nyuma ya kabati wakanyamaza. Nilisimama katikati ya chumba hicho na mwenyeji wangu. Ukinyoosha mikono unaanza kuhesabu kuta. Yeye aligusa ukuta kwa kiganja, akasema taratibu, “Na watoto? Mtoto unamwambiaje asikohoe?” Sikuwa na jibu la kumpa.

Mwezi Oktoba 1943 mtu aliwasaliti. Familia yote ilikamatwa, ikapelekwa Auschwitz.

Weidt hakuwa mtu wa kukata tamaa. Alifanya biashara ya magendo ili apate vitu vya kuwahonga maofisa wa Gestapo. Hatua chache kutoka karakana, mtaa wa Große Hamburger, kulikuwa na makao ya wazee wa Kiyahudi ambayo Gestapo waliyageuza mahali pa kukusanyia watu kabla ya kuwasafirisha. Wafanyakazi wake walipokamatwa na kuwekwa humo, Weidt alikwenda mwenyewe, na macho yake yaleyale mabovu, akadai kwamba bila watu hao oda za jeshi zitakwama. Aliwarudisha karakanani. Hilo halikuwezekana kila mara, na wengi wao hatimaye walichukuliwa. Katibu wake, Alice Licht, alipopelekwa Theresienstadt na baadaye Auschwitz, alidondosha kadi ya posta kutoka kwenye treni, ikamfikia. Weidt alifunga safari hadi Auschwitz kumtafuta. Akaambiwa amehamishiwa kambi ya Christianstadt. Akafika huko, akapanga chumba karibu na kambi, akaacha humo nguo na dawa. Januari 1945 Alice alitoroka, akarudi Berlin, akafichwa na Weidt mpaka vita vilipokwisha.

Tulitembea mtaa wa Große Hamburger tukiwa kimya. Jengo lile halipo tena. Yapo masanamu ya watu waliokonda, wamesimama kwa kubanana. Watu wameweka kokoto miguuni pao, kama ilivyo desturi ya Wayahudi makaburini.

Kisha mwenyeji wangu akaniambia, “Sasa mimi nikupeleke kwa mtu wetu.” Tulipanda barabara hadi mtaa wa Brunnen, namba 193. Chini, kati ya mawe ya njia ya miguu, kuna kibamba cha shaba chenye ukubwa wa kiganja. Ni kimojawapo cha vile ambavyo msanii Gunter Demnig ameviweka mbele ya nyumba walizoishi wahanga wa Wanazi. Hiki kina jina la Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana Ujerumani kama Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari wa jeshi la Wajerumani, naye akawatumikia vitani angali mtoto. Akaja Berlin mwaka 1929, akafanya kazi ya uhudumu, akaigiza katika filamu, akasaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke Mjerumani, akafungwa katika kambi ya Sachsenhausen bila kufikishwa mahakamani. Alifia humo Novemba 1944. Mwenyeji wangu alichutama, akakipangusa kibamba kwa pindo la shali yake, akamsomea dua. Kiswahili chetu kiliingia katika kambi zile pamoja na mtu huyu, na ni vibaya kwamba jina lake halijulikani mitaani kwetu.

Usiku ule, mezani, wali na maharage ya nazi mbele yetu, tulirudi kwenye swali langu la chakula. Wakati wa vita hukuweza kununua mkate, siagi wala nyama bila kadi ya mgao. Kadi ilitolewa kwa jina na anwani. Mtu aliyejificha hana jina wala anwani, kwa hiyo hana kadi. Kila kipande cha mkate alichokula Inge tangu alipoingia mafichoni Januari 1943 kilitoka kwenye mgao wa mtu mwingine, mtu ambaye naye hakushiba.

“Na kwetu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe,” mwenyeji wangu akasema.

Lakini mgeni wa namna hii humpi jembe. Shambani ataonekana. Unamlisha siku ya tatu, ya kumi, ya mia, na kila siku hiyo unahatarisha nyumba yako. Ndiyo maana hakuna kaya moja iliyoweza kuwaficha Ella na Inge mwanzo hadi mwisho. Walipokezanwa.

Wa kwanza walikuwa mke na mume wa familia ya Gumz, waliokuwa na duka la kufulia nguo. Emma Gumz alisikia kutoka kwa jirani, askari aliyerudi likizo kutoka mashariki, mambo wanayotendewa Wayahudi huko. Alimwendea Ella, akamtaka aahidi kwamba hatakubali kupandishwa treni, na kwamba siku ikifika atakuja kwao. Siku ikafika, wakaenda. Jirani walipoanza kuuliza maswali, ikabidi waondoke. Wakapokewa na Lisa Holländer, mjane ambaye mumewe Myahudi aliuawa na Wanazi. Wakasaidiwa na Walter na Jenny Rieck, wenzao wa chama tangu enzi za amani. Weidt alimpatia Inge kitabu cha kazi chenye jina la mwanamke mwingine ili aendelee kuonekana mfanyakazi halali. Mabomu yalipovunja nyumba moja walihamia nyingine. Barabarani walihofia polisi, walihofia jirani wa zamani, na walihofia pia Wayahudi wachache ambao Gestapo waliwatumia kuwatambua wenzao waliojificha. Kwa sababu hawakuwa na haki ya kuwepo, hata kuugua hawakuweza: daktari angetaka jina.

Asubuhi iliyofuata tulipanda treni ya S7 kutoka Hackescher Markt kuelekea magharibi. Sikutarajia kwamba njia moja ya reli ingeweza kuisimulia habari yote.

Kituo cha Grunewald kimezungukwa na miti na nyumba za kifahari. Watu wanashuka na mbwa wao kwenda msituni. Ukifuata kibao cha Gleis 17 unafika kwenye jukwaa lisilo na treni. Kutoka hapa, kuanzia Oktoba 1941, Wayahudi wa Berlin walisafirishwa kwenda Łódź, Riga, Theresienstadt na Auschwitz. Pembeni mwa reli, huku na huku, zimelazwa bamba 186 za chuma, moja kwa kila msafara. Kila bamba lina tarehe, idadi ya watu, na mahali walikopelekwa. Nyingine zinasema mia moja, nyingine zinasema zaidi ya elfu. Kati ya reli miti imeota na kukua, na imeachwa makusudi, kwamba treni haitapita hapa tena.

Nilitembea jukwaa lote, bamba baada ya bamba. Nilipofika bamba za Februari na Machi 1943 nilikaa muda mrefu. Tarehe 27 Februari 1943 Gestapo walivamia viwanda vya Berlin wakawakamata Wayahudi waliokuwa wamebakizwa kwa ajili ya kazi. Wakati huo Inge na mama yake walikuwa wameshatoweka, wiki chache tu kabla yake. Kama Emma Gumz asingemwendea Ella na kumsihi, wangekuwa katika moja ya hesabu hizi. Mwaka 1933 Berlin ilikuwa na Wayahudi wapatao 160,000. Wengi walikimbilia nchi za nje walipoweza. Zaidi ya 50,000 waliuawa. Walioamua kujificha walikuwa karibu 7,000, na wengi wao walikamatwa, walisalitiwa au walikufa kwa mabomu.

Tulipanda tena, treni ikaendelea hadi Wannsee, ambako ziwa linaonekana katikati ya misonobari. Hatukushuka. Katika jumba moja kando ya ziwa hilo, tarehe 20 Januari 1942, wakuu 15 wa serikali na wa chama cha Nazi walikutana kupanga jinsi ya kuwamaliza Wayahudi wa Ulaya yote. Nilitazama dirishani hadi milango ikafungwa.

Kituo cha mwisho ni Potsdam. Mwanzoni mwa 1945, majeshi ya Kisovieti yalipokaribia, maelfu ya Wajerumani walikuwa wakikimbia kutoka mashariki. Ella na Inge waliona nafasi. Walijichanganya na umati huo, wakasema ni wakimbizi kutoka mji wa Guben waliopoteza karatasi zao, jina la ukoo Richter. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili wakapata kadi za chakula zenye jina, ingawa jina lenyewe halikuwa lao. Makazi yao katika siku hizo za mwisho yalikuwa hapa Potsdam, ndani ya chumba kilichokuwa banda la mbuzi. Humo ndimo walimosubiri mwisho wa vita.

Tulitembea kando ya mto Havel, barafu ikielea pembezoni. Nilimweleza mwenyeji wangu yaliyofuata. Mwaka 1946 mama na binti walimfuata Martin Uingereza. Baadaye Inge alirudi Ujerumani, akawa mwandishi wa gazeti la Israeli la Maariv, na akaripoti kesi ya maofisa wa Auschwitz iliyoanza Frankfurt mwaka 1963. Mwaka 1966 akachukua uraia wa Israeli, kisha akahamia Tel Aviv. Kitabu chake cha kumbukumbu kilitoka mwaka 1978, na jumba la michezo la Grips la Berlin likatengeneza tamthilia kutokana nacho. Aliporudi Berlin alizunguka shuleni kuzungumza na wanafunzi, na alipigania karakana ya Weidt isibomolewe wala kugeuzwa duka. Alikataa nishani ya taifa la Ujerumani, kwa kuwa nishani hiyo walipewa pia watu waliowatumikia Wanazi. Januari 2013 alihutubia bunge, akaeleza jinsi hatia ilivyomfuata maisha yote: kwa haki gani yeye alijificha wakati wengine wanachukuliwa? Mwaka 2018 Berlin ilimfanya raia wake wa heshima.

Weidt yeye alifariki Desemba 1947, baada ya kusaidia kuanzisha makao ya yatima na wazee wa Kiyahudi waliookoka. Mwaka 1971 Israeli ilimtambua kuwa miongoni mwa wenye haki wa mataifa, heshima wanayopewa wasio Wayahudi waliohatarisha maisha yao kuwaokoa Wayahudi.

Hii ilikuwa safari yangu ya kwanza Ulaya, na watu hunitaka niwasimulie majengo na theluji. Ninachotaka kuwasimulia ni hesabu. Kumwangamiza Inge kulihitaji mtu mmoja tu anyanyue simu. Kumwokoa kulihitaji mfua nguo, mjane, wenzao wa chama, mfanyabiashara asiyeona, na wengine ambao kila mmoja alitoa kitu kidogo alichokuwa nacho: nusu ya mkate, godoro, kitambulisho, au kutojibu swali la jirani. Hawakuwa na jeshi wala cheo. Weidt alikuwa na mifagio.

Wale waliosema hawakuweza kufanya lolote walikuwa na zaidi ya mifagio. Sisi nasi tumeona katika kanda yetu majirani wakiorodheshwa kwa kabila na kuwindwa nyumba kwa nyumba. Rwanda mwaka 1994 si mbali, na huko pia wapo waliookolewa kwa kufichwa darini na chini ya vitanda vya jirani. Kwa hiyo ninamwomba anayesoma haya: siku utakapoambiwa kwamba jirani yako si mwenzako tena, usingoje kuwa shujaa. Mpe chakula, mpe mahali pa kulala usiku mmoja, mtafutie mwingine wa kumpokea kesho, na yeyote akiuliza, usimtaje.